Taa ya Zamani ya Baba Mkwe

Kibamba, Jumanne

Fundi alinipa taa mbili za kioo, zile zinazowaka ndani ya amplifaya ya zamani ya baba mkwe ndipo sauti itoke, nijaribu nyumbani nichague moja. Mpya inadumu. Ya zamani kaitoa kwenye redio mbovu. "Hiyo, dada, inaweza kuungua hata kesho."

Nikachomeka mpya kwanza. Sauti ikatoka safi kabisa. Baba, ambaye tangu apooze hagusi chakula mpaka asikie kwaya yake ya kwenye kanda, akausukuma uji. "Zima, mwanangu. Hao siwajui."

Nikaweka ya zamani, nikangoja ipate moto kama Baba alivyonifundisha mwenyewe. Ukaanza mvumo, kisha sauti za kwaya, nzito, za joto. Baba akafumbua macho. "Enhe! Sasa leta hicho kijiko, unaniangalia nini?" Nikacheka mpaka machozi.

Basi nimechukua ya zamani. Mume wangu kanuna, eti nimechagua kitu cha kufa.

Daktari naye hakutupa matumaini. Mie namwomba Mungu hiyo taa isimtangulie Baba.

Nimeshaandika ndio nashtuka, kumbe naomba nini. Mungu nisamehe. Waache wote wawili waendelee kuwaka.