Zulia la Mlangoni Lisitandikwe Hivihivi

“Umenitegea, jirani!”

“Nimekutegea nini, nawe umeingia mbio?”

“Si wewe uliyeniita mbio, eti una habari moto?”

Hizo ndizo kelele mlizozisikia asubuhi mkiwa bado kitandani. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikanyaga zulia letu jipya, likateleza kwenye mbao, naye akaanguka chali. Kiwiko kimevimba. Ameapa hatakanyaga tena humu ndani.

Baba yenu alilichagua kwa rangi, hakuligeuza hata kutazama kama mgongo wake unateleza. Binti, nawe ukapaka sakafu nta mpaka chini ya zulia. Ulitaka nani apaone?

Sasa futa hiyo nta kwa kitambaa cha sabuni kilichokamuliwa sawasawa. Usimwage maji, mbao zitavimba. Pakikauka, Baba atandike ule wavu wa mpira wa kuzuia zulia lisiteleze, ulio kwenye kiti, aukate uwe mdogo kidogo kuliko zulia, kisha zulia juu. Asipige misumari, wala asibandike gundi, itachuna rangi ya mbao. Mjaribu mlango, usikwaruze zulia.

~~Fundi akipita, mwambieni sipo.~~ Hapana, nyumba bila huyu mwanamke ni kimya mno. Nampeleka zahanati. Amekubali nimshike mkono, ila hasemi nami.

Chakula kiwe mezani. Tukirudi atataka kupitiliza kwake. Binti, mimi hatanisikiliza, kwa hiyo toka wewe, mshike ule mkono mzima, umwambie: “Karibu ndani, shangazi, tunakusubiri tule.”

Mama