Baskeli Sitaiacha, Mama

Kabuta, Nchelenge, Zambia
Agosti 1997

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mwanao Ilunga. Mimi ni mzima, nakula bukari na samaki mpaka suruali inanibana. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na paa la jikoni, je, mvua zikianza litavumilia? Kila Jumapili nakuombea nguvu, maana najua kichwa changu kigumu kinakuchosha kuliko hilo goti.

Mama Ngoie, yule anayevusha vitenge ziwani, alinifikishia maneno yako. Unataka niache mambo ya polisi, kwa sababu polisi wanalipwa na mimi nina baskeli tu, na mtoto mmoja umeshamzika. Maneno hayo yaliniuma, nikashindwa hata kumaliza chakula. Lakini hukunilea nije nikudanganye. Sitaacha, Mama. Mwambie dada Adela akusomee polepole mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana naona watu wameitia chumvi huko Likasi. Polisi wa boma wana gari moja, na siku nyingi limekaa bila mafuta. Sisi wauza samaki tunapita kila kijiji cha ufuko huu na baskeli zetu, kwa hiyo inspekta akatuomba tumsaidie. Tunapeleka habari, tunabeba walioumia, na mtu akikamatwa kijijini tunamfikisha kituoni. Bunduki hatuna. Tuna filimbi na kitambaa chekundu mkononi. Inspekta anatuita askari wake wa farasi, na kweli baskeli yangu ina tabia za farasi mzee, kila kilima inakikataa.

Sasa sikiliza lililotokea mwezi uliopita. Bwana Chanda, Mzambia jirani yangu, mvuvi na muuza samaki kama mimi, aliibiwa wavu. Wavu ukapatikana chini ya mtumbwi wa kijana mmoja aliyevuka kutoka Kilwa, upande wetu wa ziwa, Congo. Aliiba kweli, simtetei. Lakini nilipofika watu walikuwa wameshamzunguka, wengine wameshika mawe, na Bwana Chanda mwenyewe ana kasia mkononi. Damu ilikuwa inamtoka yule kijana sikioni.

Mama, unajua nilimwona nani pale. Nilimwona kaka Kabamba akipigwa katika soko la Likasi, kwa ule mfuko wa unga ambao hakuuiba. Nilikukumbuka wewe pia, ulivyokaa wiki nzima ukirudia neno moja, kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kumtetea.

Nikapiga filimbi, nikapenya katikati, nikamkalisha yule kijana kwenye kibebeo cha nyuma, mahali panapokaa vikapu vya chisense, wale dagaa wa ziwa, nikakanyaga. Nyuma wakapiga kelele, mmoja akasema, "Unamubeba sababu iko ndugu yako wa Congo." Hilo liliniumiza kuliko jiwe lililonipata mgongoni. Wenye baskeli wakatufuata, Bwana Chanda mbele yao, kasia limelala juu ya usukani.

Tulipopita kanisa, mchanga ukatushinda. Mchanga wa ufukoni hauna huruma gurudumu likizama. Tukaanguka wote wawili, baskeli juu yetu, na mguu wa kijana ukanaswa kwenye mnyororo. Nikasema moyoni, basi, amekufa huyu, na labda mimi pia.

Hapo inabidi ujue desturi ya watu wa samaki. Mzigo ukianguka njiani, anayekuja nyuma anasimama na kuuinua kwanza, maswali baadaye, hata kama mmegombana. Samaki hawangoji mchangani. Na aliyeinua anasukuma pamoja nawe mpaka mchanga uishe. Tumefanya hivyo mara nyingi mno, mikono inatangulia kabla kichwa hakijafikiri.

Bwana Chanda alitufikia, akaitupa baskeli yake na kasia lake, akaikamata yangu, akaiinua. Akaufungua ule mguu kwenye mnyororo. Akamrudisha kijana juu ya kibebeo na kumpangusa mchanga, kama anavyopangusa kikapu. Kisha akatambua kwamba aliyemshika ni mwizi wake. Alisimama, mikono bado iko palepale, na wenzake wenye mawe wakawa wanamtazama yeye.

Nikaushika usukani, Mama. Nikamwambia, "Ba Chanda, mumesha inua muzigo. Mutasukuma na miye, ao hapana?"

Akatema mate chini. Halafu akasema, kwa adabu ya kwao, "Sukuma, mukwai. Miye nashika huku nyuma."

Wengine hawakuthubutu kumpita mwenye wavu. Mchanga ukaisha, lakini hakuachia. Alimtukana yule mwizi njia nzima, yeye na ukoo wake wote, huku amemshika bega asianguke tena, mpaka mlangoni kwa polisi. Korti imemfunga yule kijana, na sawa, aliiba. Ila juzi mama yake alivuka ziwa akamletea bukari kwenye kitambaa, na mimi ndiye niliyempeleka huyo mama gerezani kwa baskeli. Alimkuta mwanawe anapumua.

Ndiyo sababu sitaacha. Nikasirikie ukitaka, lakini uniombee.

Nisalimie dada Adela anayekusomea, na amshike sikio mumewe kwa niaba yangu. Msalimie mjomba fundi cherehani na shangazi wa kwaya. Na ukienda kupalilia kaburi la kaka Kabamba, mfikishie salamu zake pia. Mwambie kwamba huku Kabuta, mtu alisimama.

Ni mimi mwanao,
Ilunga