Fomu ya Kubadilishana

Mhezi,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Dada yangu mpendwa Doris,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Lembeni, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Mpe shikamoo zangu mbili, moja ya leo na moja ya Jumapili iliyopita ambayo sikupiga simu. Mimi sijambo. Baridi ya huku unaijua: nalala na soksi, asubuhi nazitafuta ndani ya blanketi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu mimi ni mwepesi wa kudanganya na wewe ni mwepesi wa kuamini. Kwenye karatasi nitajikaza.

Shuleni bado tuko walimu wanne, ukimhesabu na mwalimu mkuu, Mwalimu Sifael, kwa wanafunzi mia tatu na kumi na wawili. Mimi nina darasa la kwanza na la pili katika chumba kimoja. La kwanza wanatazama ubao wa mbele, la pili ubao wa nyuma, wamepeana migongo, nami nazunguka katikati. Mwalimu Sifael hunitania kwamba nimeajiriwa mmoja lakini viatu vyangu vinaisha vya watu wawili. Ijumaa ikifika sauti imekauka kabisa.

Yupo mtoto wa la pili anaitwa Tausi. Hasikii vizuri, na mwaka jana alihesabiwa kuwa mzito wa kichwa. Nikitaka anitazame nagonga dawati lake mara mbili, anahisi kwa viganja, anageuka, anasoma midomo yangu. Hakuna aliyenifundisha; tuligundua wenyewe, mimi na yeye. Sasa anasoma aya nzima, tena kwa sauti kubwa kupita wote, maana hajui kunong'ona.

Uliponitafutia Mwalimu Paskali hapo Lembeni ili tubadilishane vituo, nilifurahi, dada, sikuigiza. Miaka minne umemuuguza mama peke yako, na shemeji Yona anakungoja Tanga mpaka watu wanamwita kapera. Nilijua zamu ni yangu.

Paskali alipanda kuja kuiona shule mwezi wa saba, siku ambayo pembe ya kuitia watu msaragambo ilikuwa imelia na wazazi wamekuja kujenga choo kwa pamoja. Mvua ikawakimbiza madarasani. Mwalimu Sifael hachezei nafasi: kila mzazi akapewa chaki na kundi la watoto la kuangalia. Paskali alichungulia madirisha, akaona watu wazima kumi na mmoja mbele ya mbao, akasema kumbe tuko wengi hivi. Mimi nikamkaribisha chai. Sikumrekebisha. Alisaini fomu palepale juu ya meza yangu, na aibu ile nilitembea nayo wiki nzima.

Mwisho nilimpigia nikamweleza ukweli. Alicheka. Akasema mke wake ni muuguzi wa zahanati ya huku juu, kwa hiyo hata kama walimu wangekuwa wawili angekuja.

Hapa ndipo ninapotaka unisamehe. Nilikwambia halmashauri imekataa. Halmashauri haijakataa kitu, dada, kwa sababu fomu haijafika huko. Ina sahihi ya Paskali na haina yangu. Ipo kabatini kwangu, chini ya daftari la mahudhurio.

Ningeweza kukuambia ni kwa ajili ya Tausi, na nusu ingekuwa kweli. Naogopa Paskali akifika, na madarasa mawili mikononi, hatakuwa na muda wa kugonga dawati. Nusu nyingine ni kwamba naogopa kuja nyumbani. Huku ninaitwa mwalimu, najua la kufanya. Kwa mama sijui. Likizo ile uliyonikuta nalia jikoni nikasema ni moshi, haukuwa moshi. Nilikuwa nimeshindwa kumwogesha mama yangu, yeye ndiye akawa ananipa pole. Wewe umefanya hivyo kila asubuhi kwa miaka minne na hukuwahi kunihesabia.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Mlete mama huku kwangu, uende Tanga. Amezaliwa milima hii, na joto la huko ndilo analolilaumu kila siku kwa miguu yake. Mama Agatha, jirani yangu, atakaa naye nikiwa shuleni, na saa nne nitavuka uwanja kuja kumwona. Kuogesha nitajifunza. Woga bado ninao, lakini Tausi naye sikuwa nimemsomea popote.

Ukisema hapana sitabishana. Nitaisaini fomu siku hiyohiyo na kuteremka, na Tausi nitamkabidhi kwa Paskali mkono kwa mkono.

Msalimie shemeji ukiongea naye, na majirani wote wanaonikumbuka. Mwambie mama kwamba jana wazazi walipiga msaragambo nyumbani kwangu. Wamebomoa ngazi tatu za mlangoni, wakamwaga udongo na kuushindilia, ukawa mteremko mdogo ambao hata mtu asiyeweza kunyanyua mguu atapita.

Ni mimi mdogo wako,
Jenifer