Saruji ya Mgongo wa Dada

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali,
9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifupi,

Hujambo huko ughaibuni? Shemeji na wale pacha hawajambo? Mimi ni mzima kama nguzo ya zege, na ukisikia magoti yangu yanalia, ujue ni husuda za watu.

Barua yako tumeisoma. Umeandika kwamba Dada amekula chumvi nyingi, tumwache alale, na cherehani yake tumpe binti wa jirani. Nakujibu kwa herufi kubwa: HAITOKI!

Ni kweli, aliinua ndoo ya maji tu, mfupa mmoja wa uti wa mgongo ukabonyea. Wiki saba alilala akiuma mto, anatafuna dawa za maumivu kama njugu. Kila aliyekuja kumwona alisema, "Uzee huo." Kwani uzee ndilo jina la ugonjwa? Mimi fundi mwashi niliyejenga nchi tatu, na shule nikaiacha darasa la tano kwa hiari yangu, nilimbeba mpaka hospitali kubwa.

Daktari akampiga picha, akatuonyesha mfupa umebonyea kama kopo lililokanyagwa, na ufa bado mbichi. Akasema huyu hapasuliwi. Anapitisha sindano nene mgongoni huku akiangalia kwenye kioo cha mashine ya picha, kisha anaujaza mfupa saruji maalumu. Saruji! Nikamwambia, "Daktari, hapo sasa umekuja kwangu. Mchanga unaweka kiasi gani?" Akacheka mpaka miwani ikamshuka. Kumbe haina mchanga, bwana.

Dada alilazwa kifudifudi, akachomwa ganzi, na hata saa moja haikuisha. Hapo ndipo nilipokosea, nakiri. Nesi alipokuja baada ya saa mbili kumsimamisha, nikaziba mlango kwa mwili wangu wote. Zege changa halibebi mzigo! Linamwagiwa maji siku saba kwanza! Nilishaulizia hata ndoo.

Dada akanitazama. "Wewe Mwiko, mimi ni dari? Nipishe huko!"

Akashuka kitandani, akanipita, akaenda msalani kwa miguu yake mwenyewe. Kifupi, nililia. Ukimwambia mtu nitakukana.

Mifupa mingine bado dhaifu, daktari hakutuficha. Anameza dawa za kuiimarisha, na ndoo nimezipiga marufuku. Maumivu hayajaisha yote, lakini anakaa, analala, na anatugombeza kama zamani. Mwambie hivyo kila aliyekuambia uzee.

Nisalimie Shemeji, uwabusu pacha, na Shangazi Mpole umwambie mgongo wake naye asiudharau. Mola akunyooshee njia, na uti pia.

Karibu nisahau. Zile shuka nne ulizomtumia za kulalia zimefika. Amezikata. Amekushonea mashati mawili, na anauliza shingo yako imenenepa kiasi gani.

Wako akupendaye hata ukikosea,
Kaka Mwiko.