Saa Moja Kutoka Krete Hadi Rodo

Robanda, Serengeti
12 Machi 2024

Mdogo wangu mpendwa Ghati,

Salamu nyingi zikufikie huko kisiwani Rodo. Hujambo na kazi za hotelini? Mimi ni mzima wa mwili. Baba pale Nkende mguu unamsumbua, ila anatembea. Mahindi ya huku yameliwa na tembo, safari hii hata mabua hawakutuachia.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningekudanganya tena. Najijua.

Tulikuambia kaka yetu Felix alifariki ghafla kule Krete. Si kweli. Alilazwa siku tisa, mapafu yamejaa maji. Siku ya kwanza alinipigia akaomba nikuite. Kukupigia mwenyewe aliona aibu, maana tangu mkosane kwa ajili ya ng'ombe wa mahari yako, wale aliowatumia kuoa, hamkuwa mnasemezana. Alitaka akuombe msamaha kwa mdomo wake.

Baba akakataa usiambiwe. Alisema mtu aliye peke yake ugenini hapewi habari mbaya, na hata ukiambiwa hutafika. Sisi Krete tuliijua kwa mahubiri tu: meli, dhoruba, watu wanasukwasukwa baharini siku kumi na nne. Nikatii. Lakini Felix, jamani! Kila asubuhi anapiga, Ghati amesemaje? Siku ya nne nikachoka. Nikamjibu kwa hasira kwamba nimekuambia na umekataa, aache kunisumbua.

Siku ya sita nilikuwa natandika vitanda hapa kambini kwa watalii. Mgeni mmoja alitoka nchi hiyohiyo mliyohamia wewe na kaka, nikamuuliza. Akafungua simu yake akanionyesha kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Krete hadi wa Rodo ni kilomita kama mia mbili na sitini, na ndege haimalizi saa nzima. Ghati, mimi kwenda tu Nkende kwa Baba napoteza siku! Nilikaa kwenye kitanda cha watu na shuka mkononi.

Kaka alikuwa amebakiza siku tatu. Ningekupigia, ungemkuta. Sikupiga. Hapo usimlaumu Baba, wala usilaumu bahari. Niliogopa kwamba ukifika atajua nimemwongopea. Nililinda jina langu, basi.

Alipopiga mara ya mwisho alikuwa anahema sana. Alisema hana lawama kwako, hata yeye angekuwa wewe asingekuja. Kisha akaniomba nisikukasirikie, kwa kuwa wewe ndiye mdogo wetu. Nikamwitikia kwamba sawa, nimekusamehe. Ndivyo nilivyosema, Ghati. Akafa akijua ulimkataa.

Baba anakusalimu, haya hayajui. Rose, mjane wa kaka, anakusalimu pia, ingawa kwa shingo upande, maana naye Felix alimwambia hukutaka kuja. Jumapili nitamweleza ukweli mbele ya Baba.

Ukiona vema unijibu. Usipojibu, sitauliza.

Ni mimi dada yako,
Winfrida Mogesi