Shangazi, Wasichana Wako Hawakujua Kusoma

Shangazi Zuwena,

Najua maiti hasemwi ila kwa mema, na tangu ulipotutoka nimejitahidi. Watu walipokuja tanzia wakakusifu, niliitikia amin. Walipokusifu tena skuli, niliitikia amin. Leo skuli imefungwa kwa likizo ya baridi, nimekaa peke yangu barazani hapa Matrah, Maskati, na amin zimenishinda. Nimekukasirikia, Shangazi. Nimekukasirikia mpaka chakula hakipiti.

Uliondoka mfungo mosi, umefunga sita yako ya baada ya Ramadhani, saa chache kabla ya kufuturu. Ukaniachia wasichana thelathini na mmoja wa darasa la kwanza. Mimi, Nasra, niliyekuwa msaidizi wako wa kukata karatasi na kuwapangusa watoto kamasi! Ulimwambia mwalimu mkuu mbele yangu, "Huyu mkono tu, kichwa nnacho mimi." Mwalimu mkuu akacheka, na mimi nikacheka, maana nilizoea.

Nani angebisha? Unguja ulisomesha darasa la kwanza miaka ishirini. Tulipokimbia sitini na nne, tukakaa Dubai miaka sita tukishona nguo za watu, bado wanawake walikuita mwalimu. Mwaka huu wa sabini Maskati ilipofungua milango na skuli za wasichana, zikitafuta yeyote anayejua kushika chaki, tulihamia, nawe siku ile ile ya kufika ulivaa buibui ukaenda kuomba kazi. Wakakuuliza kama unasomesha Kiarabu. Ukasema ndiyo.

Basi ukaingia darasani ukafunga mlango. Mimi kazi zangu uliniwekea uani. Nilikuwa nasikia sauti yako tu, na nyuma yake sauti thelathini na moja zikiitikia, vizuri, kwa pamoja, mpaka wauza samaki walikuwa wanasimama kusikiliza. Kufika mwisho wa Ramadhani wasichana walikuwa wamemaliza kitabu kizima. Kina mama walituletea halwa. Mama yake Asila, mmoja wa wasichana wako, alikubusu mkono mlangoni, na ukamwachia aubusu.

Siku ya kwanza niliyosimama mahali pako, nilianza na kitabu kile kile. Nikamwambia Asila afungue ukurasa wa mvua, ule wenye picha ya mtoto na mwavuli ambao watoto wote huucheka. Akasoma bila kukosea, kidole kinatembea chini ya maneno. Nikamsogelea nimsifu. Kitabu chake kilikuwa kimefunguka ukurasa wa paka.

Nikafikiri ni yeye tu. Nikaandika ubaoni *bab*, mlango, herufi tatu ambazo wamezitamka tangu siku ya kwanza. Nikauliza nani atasoma. Wakanitazama kwa heshima, mikono imefungwa kifuani kama ulivyowafundisha, halafu Asila akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hilo liko ukurasa wa ngapi?"

Nilitoka uani nikajifanya natafuta chaki.

Walihifadhi, Shangazi. Kitabu kizima, kwa sauti na kwa kidole, kama sisi tulivyohifadhi juzuu katika chuo cha Kurani kabla hatujaijua herufi moja. Sikulaumu kwa hilo, ndivyo tulivyolelewa wote, na wengi wetu herufi zilikuja baadaye. Lakini wewe ulikuwa mwalimu. Ulijua tofauti. Nilikaa na hasira ile siku mbili, nikikuona mvivu, nikikuona mzembe, mpaka nilipokumbuka alasiri zetu.

Kila siku baada ya sala ulikuwa ukinikalisha mkekani na kitabu cha skuli. "Nsomee wa kesho, macho yananiuma na sindano." Nikikusomea mara moja, unataka ya pili. Ya tatu unafumba macho na midomo yako inacheza. Nami nilifurahi! Nilidhani hatimaye unapenda sauti yangu.

Herufi za kizungu ulizijua, barua zako zote uliandika kwa hizo, na darasani Unguja ulisomesha kwa hizo. Herufi za Kiarabu hukuzijua. Msahafu wako ulikuwa kifuani mwako tangu utoto, na ukiushika mkononi ulikuwa ukiushika tu. Miaka thelathini nimeishi na wewe sikujua. Ulikuwa ukilipokea somo kutoka kinywani mwangu alasiri, na asubuhi unawapa watoto.

Ungeniambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Ningekukalisha pale pale mkekani, alifu, be, te, mlango umefungwa, na pasingejua mtu. Mwezi mmoja ungetosha, una akili kuliko mimi. Lakini uliona bora watoto thelathini na mmoja wasijue, kuliko mimi nijue kwamba hujui. Mficha uchi hazai, ulikuwa ukituambia sisi kila siku. Mwenyewe je?

Na mwalimu mkuu alikwishawaalika wazazi. Siku ya mwisho kabla ya likizo wasichana wasome kitabu mbele ya watu, na thawabu ziende kwako. Alisema hivyo machozi yakimtoka. Ningewaacha wasome walivyokaririshwa, mji mzima ungekulilia upya na wao wangepandishwa darasa la pili hawajui alifu. Ningesema kweli, ningekuvua nguo kaburini. Ndiyo kwanza mwaka huu watu wametupokea, bado wanatupima kama sisi ni wenzao au wageni, na jina lako ndilo tulilokuwa nalo.

Nilikuwa na wiki tatu. Nikaanza upya.

Vitabu nikavitia kabatini. Nikakata makasha ya chai nikaandika herufi moja moja. Tukazipanga kokwa za tende sakafuni kwa umbo la herufi, tukafinyanga kwa unga, tukaandika kwa kidole kwenye mchanga wa uani. Nilining'iniza minyororo ya karatasi za rangi dirishani, na aliyeitambua herufi alikuwa na haki ya kuongeza pete yake ya karatasi. Kisha wasichana watatu wanasimama mbele, kila mmoja kashika herufi: be, re, dali. *Bard*, baridi. Wa mwanzo na wa mwisho wakibadilishana nafasi, *darb*, njia. Siku waliyolielewa hilo walipiga makelele, Shangazi, makelele ambayo wewe usingeyaruhusu. Nilikaa kitini nikalia, na nilikulilia wewe, na bado nilikuwa na hasira.

Majumbani walipeleka habari kwamba mwalimu mpya anacheza na unga. Mama yake Asila akaja, hakuvuka kizingiti. "Bi Zuwena, Mungu amrehemu, kamfikisha mwanangu mwisho wa kitabu. Wewe wamrejesha alifu? Una wivu na maiti?" Nikasema, "Nivumilie, dada." Akasema mimi si dada yake. Alimchukua Asila, siku nne hakumleta.

Siku yenyewe wazazi walijaa mpaka uani. Asila alikuja, mama yake kamshika mkono kama aliyekuja kushuhudia ajali. Mwalimu mkuu akakuombea dua, akaniamuru nifungue vitabu. Nikasema hatutasoma vitabu. Nikaandika ubaoni. Wasichana wakasoma, polepole, wakikwama, wakitamka herufi moja moja: mlango, njia, baridi, nyumba. Wengine walikosea. Mmoja alilia.

Minong'ono ikaanza. Baba mmoja akasema kwa sauti, "Hawa walikuwa wakisoma kitabu kizima!" Mwalimu mkuu akanigeukia mbele ya watu wote, akaniuliza nimelifanya nini darasa la shangazi yangu.

Nilikuwa na jibu, Shangazi. Lilikuwa mdomoni. Maneno matano tu na ningekuwa huru.

Nikasema, "Nimewasahaulisha. Sina uzoefu. Nisameheni."

Nimekubali kuitwa mjinga ili wewe ubaki mwalimu. Ni kama ulivyosema, mkono tu. Mwalimu mkuu kaniambia baada ya likizo ataleta mwalimu mwingine, na mimi nirudi uani kukata karatasi. Mama yake Asila alipita mbele yangu hakutoa salamu. Lakini Asila alisimama mlangoni, pale palipopigiliwa kibao cha skuli, akakisoma taratibu herufi kwa herufi mpaka mwisho. Mama yake akamvuta mkono, amechelewa. Hakujua alichokisikia.

Siku kumi za likizo nitawasomesha hapa barazani wale watakaoletwa. Wakiletwa watatu, watatu. Huyo mwalimu mwingine atawakuta wanajua, na sifa achukue yeye au mpewe nyinyi wawili, mimi sina haja nazo. Siri yako haitatoka kwangu, kwa mume wala kwa mtoto. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeitoa huku nimeuma meno.

Kusamehe bado. Usinitake hilo leo.

Ila jana nilipokuwa nikisali lilinijia jambo moja, nikashindwa kumaliza dua. Tumefundishwa kwamba siku ya Kiyama kila mtu atapewa kitabu chake na ataambiwa akisome mwenyewe. Mbele ya watu wote, Shangazi. Nikakuona umekishika, mgongo umenyooka, hutaki mtu ajue.

Kwaheri. Kila sala nitakuombea kitabu chako kije kimeandikwa kwa herufi unazozijua.

Nasra