Mama Honorine na Mkeka wa Mlango wa Jikoni

Mwaka umetimia Jumanne hii, Mama, tangu figo zako zichoke ukatuacha katika nyumba hii ya kupanga ya Rooty Hill, huku ughaibuni. Wengine wakiandika kumbukumbu huanza na machozi. Mimi mwanao Bruno nitaanza na lawama, maana ulitulea tuseme kweli, na kweli ni kwamba umetuhangaisha zaidi ulipoondoka kuliko ulipokuwepo.

Kila aliyewahi kulala kwetu anaijua ratiba yako. Jumatatu jiko. Jumanne bafu na choo, kwa siki, mpaka macho yatuwashe. Jumatano mashuka. Alhamisi madirisha, pamoja na vumbi la juu ya makabati ambako hakuna mgeni aliyewahi kuchungulia. Ijumaa ulipumzika kwa ajili ya kikundi cha maombi, yaani ulifagia tu. Na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uliwasha nyimbo za kwaya, na hakuna aliyeonja chai kabla sakafu haijakauka. Ulikuwa na matambara matatu, jekundu la choo, la bluu la jiko, jeupe la meza, kama mlivyofundishwa kazini kwenye makazi ya wazee. Siku dada yangu Ornella alipofuta meza kwa lile la bluu uliondoa vyombo vyote ukaanza upya, kimya. Afadhali ungefoka.

Familia mpya ikifika kutoka kambi ya wakimbizi, watu walipeleka mchele na mablanketi. Wewe ulipeleka ndoo. Uliwaoshea oveni wakati wao wamekaa kwenye masanduku wakikutazama, wasijue kama umekuja kuwakaribisha au kuwakagua. Mama Jerotich, muuguzi Mkenya mliyekuwa mkifanya kazi zamu moja, anasema mzee aliyekufa kwenye zamu yenu hakuondolewa chumbani kabla hujamfuta kucha. Huo ndio upendo wako tulioujua. Ulinukia siki.

Lakini hukutufundisha kitu, Mama. Nikishika ufagio uliniambia, "Acha, utaharibu." Nikideki, ulirudia nyuma yangu hata kabla sijamwaga maji machafu. Papa, baba yetu, hukumruhusu hata kugusa ndoo. Mwisho tulijifunza kukaa kwenye kochi na kuinua miguu ukipita. Ulikuwa ukitoka zamu ya usiku na kuanza ya nyumbani, na tulipokusihi ulale ulituambia kwamba nyumba hii si yetu, ina mwenyewe, na siku yoyote wakala wake anaweza kubisha hodi.

Kisha ule mkeka. Mkeka wa plastiki wa rangi ya kijani, mbele ya mlango wa jikoni, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuuinua isipokuwa wewe. Siku za ukaguzi, yule dada aliyetumwa na wakala alipokuja na simu yake kupiga picha kuta na vyoo, ulisimama juu ya mkeka huo, kikombe cha chai mkononi, kama askari wa mpakani. Akisogea, ulimpa chai. Akikataa, ulimpa mandazi. Sisi tulidhani ni maringo yako tu, na tulicheka.

Ulipoondoka, nyumba ilituangukia. Vyombo vilikaa kwenye sinki mpaka vikanuka. Bafuni ukungu mweusi ulipanda hadi dari. Ornella alisema ana masomo, mdogo wetu Bénie akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ana miaka tisa tu. Papa alikaa karibu na dirisha akitazama ndoo yako bila kuigusa. Mimi nilisema, mbele ya wote, kwamba nitaiweka nyumba hii safi kuliko wewe. Nilitunga ratiba nzima kwa mashairi, kila siku ubeti wake, nikaibandika kwenye friji. Ornella alisoma hadi Alhamisi akaniambia mimi kaka yake, "Yaya, vina vyako havitoi ukungu bafuni."

Basi barua ya ukaguzi ilipofika, mwezi wa nane tangu uende, niliomba ruhusa ya siku mbili ghalani Lidcombe, ninakofanya kazi. Nilisugua kwa hasira. Mama Jerotich alipita kutuletea ugali na maharage, akasimama mlangoni akaniuliza, "Wee Bruno, unaosha sakafu ama unapigana nayo?" Niliendelea kusugua. Nilitaka yule dada aingie, aangalie, akose la kuandika. Na asubuhi ya ukaguzi, ili kumaliza kazi kama mwanamume, niliuinua mkeka wako nikauosha na kuuanika kwenye kamba uani.

Chini yake mbao zilikuwa zimevimba. Mbao sita, kingo zimeinuka kama mkate ulioumuka, katikati zimebonyea na kuwa nyeusi. Nilisimama na tambara mkononi. Mkeka ulikuwa unachuruzika maji nje, na kengele ya mlango ilikuwa inalia.

Yule dada alizipiga picha mara nne. Alikuwa na adabu, sikatai. Siku ya tatu barua ikaja: turekebishe sakafu ndani ya siku kumi na nne, la sivyo mwenye nyumba atafikiria kama aendelee nasi. Miaka tisa, Mama. Chumba ulichomlea Bénie, jiko ulilolifuta mpaka rangi ikachujuka, vyote viondoke kwa sababu ya mbao sita.

Nilimlaumu kila mtu. Bénie kwa maziwa aliyomwaga alipokuwa mdogo zaidi. Ornella kwa kudeki na tambara lisilokamuliwa. Nilikulaumu hata wewe kwa kuficha. Kisha nikafungua kompyuta nimwandikie wakala kwamba mbao tulizikuta hivyo tulipohamia, na kwamba wasituone wajinga kwa sababu tulikuja wakimbizi. Niliandika vizuri. Nilikuwa naisoma kwa sauti.

"Usiandike uongo, Bruno," Papa alisema kutoka dirishani. "Ile maji, ni mie nilimwaga."

Mama, ulijua tutasikia siku moja. Alituambia akiwa ameshika magoti. Mwaka ule tulipohamia hapa, wewe ulikuwa hospitali umejifungua Bénie, mimi na Ornella tuko shuleni. Papa alitaka urudi ukute nyumba imeoshwa kama ulivyokuwa ukiosha ile ya kwetu Butembo: ndoo mbili sakafuni, kisha unasukuma maji yote nje ya mlango pamoja na lile vumbi jekundu, saruji inabaki inang'aa. Basi alimwaga ndoo mbili. Lakini hapa si saruji, ni mbao za kubandika, ndani yake unga wa mbao ulioshindiliwa, na mlango una kizingiti kirefu. Maji hayakuwa na pa kwenda. Alikausha kwa mashati yake. Jioni mbao zikaanza kuinuka moja baada ya nyingine, naye amekaa anazitazama.

Uliingia na mtoto mikononi, ukaona. Papa anasema hukupaza sauti. Ulimpa mtoto akushikie, ukapiga magoti ukazigusa, kisha ukamwambia, "Nenda madukani Auburn, leta mkeka. Na hawa watoto wasijue, watakucheka mpaka uzeeni."

Kwa hiyo ndiyo maana. Ulitufukuza wote kwenye ndoo ili asionekane amefukuzwa mmoja. Miaka tisa unainama peke yako, unasimama juu ya mkeka kila ukaguzi na miguu iliyovimba, ili mume wako asionekane mjinga mbele ya wanawe. Mama, ungetuambia tu. Tungecheka siku moja, labda mbili, kisha tungekusaidia miaka tisa. Hasira hii sijui niipeleke wapi, kwa hiyo nimeitia katika ubeti, na safari hii Ornella amesoma mpaka mwisho:

Mama ulijikazia, juu ya mkeka wako,
Sisi tukikununia, kwa hayo makali yako,
Kumbe ulimfichia, Baba kosa, si la kwako,
Leo tunakulilia, tambara li mkononi.

Ile barua niliifuta. Papa aliandika yake, mistari mitatu, Ornella akaiweka kwa Kiingereza: nilimwaga maji, sikujua, tutatengeneza. Patrick, mwenzangu wa ghalani ambaye aliwahi kufunga sakafu, alikuja Jumapili mbili mfululizo. Tulizing'oa zile sita na kuweka mpya. Rangi zimepishana kidogo, na najua ungeliona hilo kutoka barabarani.

Yule dada aliporudi, alitazama sakafu, akatazama huku na huku, kisha akauliza yuko wapi yule mama wa chai. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Papa ndiye aliyemjibu, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kisha akaenda kuchemsha maji. Safari hii yule dada alikunywa chai, akiwa amesimama, akamaliza kikombe. Wiki iliyopita tumeandikiwa kwamba tunabaki.

Sasa Jumamosi Papa ndiye anayedeki. Anakamua tambara mara tatu mpaka mishipa ya mikono isimame, na bado anaacha michirizi kila mahali. Jumamosi iliyopita nilichukua tambara nipite nyuma yake. Alinitazama tu. Nililirudisha kwenye ndoo, nikakaa kwenye kochi na kuinua miguu, na michirizi yake mpaka sasa ipo.

Mkeka tumeurudisha mlangoni. Bénie alituuliza unafanya nini pale na mbao zimeshapona, tena aliuliza kwa Kiswahili. Papa akamwambia avue viatu kabla ya kuukanyaga.

Wanaokukumbuka ni mume wako Katembo, mwenye ndoo sasa. Watoto wako Bruno, Ornella na Bénie. Rafiki yako Mama Jerotich. Kikundi cha maombi cha Ijumaa. Na wote uliowaoshea oveni bila kuwauliza. Jumamosi hii tutasali nyumbani saa nne asubuhi. Mje mkiwa mmekunywa chai, maana hapa haitaonjwa kabla sakafu haijakauka.

Pumzika, Mama, na tafadhali upumzike kweli. Maadamu nyumba hii inaingia vumbi, hatutakusahau kamwe.